Kufunga mwamba na kuilinda bahari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila watu wa pwani wanapokaa kuzungumza juu ya bahari: wavuvi, kina mama wanaochokoa pweza, wachuuzi, vijana wanaotaka kununua boti yao ya kwanza. Mengi yanahusu kufunga mwamba wa pweza kwa muda, na ndiyo maana yametangulizwa. Kati ya njia zote za kulinda bahari, hii ndiyo iliyowaonyesha watu wa kawaida matokeo ndani ya msimu mmoja, mkononi na mfukoni. Msimamo wangu nausema mapema: ulinzi wa bahari husimama pale yule anayejinyima ndiye anayevuna baadaye. Akijinyima mmoja akavuna mwingine, hakuna sheria wala doria itakayodumu.

Kufunga mwamba ni nini hasa?

Kijiji huchagua sehemu ya mwamba, si bahari yote, kikaiwekea mipaka inayojulikana na kukubaliana kwamba kwa muda fulani, mara nyingi miezi mitatu, hakuna kuchokoa pweza humo. Mahali pengi huzuiwa uvuvi wa aina zote ili asiwepo wa kusema "mimi nilikuwa natafuta samaki aina ya changu tu". Muda ukiisha, mwamba hufunguliwa kwenye bamvua, maji yanapokupwa sana, na watu huingia pamoja. Baadaye hufungwa tena.

Mfano unaotajwa zaidi katika Bahari ya Hindi ni wa Wavezo, jamii ya wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walioanza mwaka 2004. Wavuvi wa huku kwetu walipata habari, na baada ya hapo kazi kama hiyo ikafanyika Kisiwa Panza na Fundo kule Pemba, Songosongo katika Kilwa, na Pate katika Lamu.

Kwa nini pweza, na si changu au chewa?

Kwa sababu ya umri wake. Pweza wetu wa mwambani huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo tu, na katika muda huo hukua kwa kasi kubwa. Yule uliyemwacha mdogo bamvua hii si yule utakayemkuta baada ya bamvua kadhaa, maana uzito wake unaweza kuongezeka maradufu kwa wiki chache.

Chewa hayuko hivyo. Huchukua miaka kukomaa, na aina nyingi za chewa huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Ukiwamaliza wakubwa, umeondoa madume. Mwamba uliofungwa miezi mitatu haumsaidii chewa. Yeye anahitaji eneo lisiloguswa miaka na miaka. Ndiyo maana zikawepo hifadhi za kudumu kama Malindi na Watamu nchini Kenya, zilizotangazwa mwaka 1968, na Chumbe kule Unguja tangu 1994. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995, na ndani yake watu wanaishi na kuvua kwa kanuni za kila eneo.

Kama pweza hukua haraka hivyo, mbona wamepungua?

Kwa sababu tunamchukua kabla hajazaa. Jike huchelewa kukomaa kuliko dume, na huzaa mara moja tu maishani. Akiwa tayari hutafuta tundu, huziba mlango kwa mawe, halafu hutundika mayai kwenye paa la tundu lake, vishada kwa vishada, kila yai kama punje ya mchele. Hukaa hapo akiyasafisha na kuyapulizia maji, wala hatoki kutafuta chakula. Mayai yakianguliwa, naye nguvu zimemwisha, hufa.

Mchokoaji mzoefu anaujua mlango wa tundu kwa magamba ya kaa na chaza yaliyotupwa nje. Lakini jike mwenye mayai hali chakula, kwa hiyo kwake utaona mawe yaliyopangwa na huoni magamba mapya. Ukimchokoa hakimbii. Huung'ang'ania mchokoo au hujibana ndani zaidi, na yale mayai, ambayo huwa makumi ya maelfu na hata kupita laki moja, huharibika pamoja naye. Kina mama wengi niliowasikia wakieleza jambo hili wanalijua kuliko mtaalamu yeyote. Kinachowashinda ni kwamba ukimwacha, anayekuja nyuma yako atamtoa. Mwamba ukifungwa, hakuna anayekuja nyuma.

Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kuvua pweza chini ya gramu 500. Ni kanuni nzuri, ila pweza aliyeko tunduni hapimwi kwa mizani. Mtu humjua uzito akishamtoa na kumuua.

Jambo moja zaidi: usivunje tundu kwa mtaimbo. Tundu zuri likibaki zima, pweza mwingine huhamia.

Mwamba ukifungwa, sisi tunaokwenda kwa miguu tutakula nini?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na mara nyingi huulizwa mwisho wa mkutano na mama aliyekaa nyuma, baada ya wanaume kupiga kura.

Wanawake wengi huchokoa kwenye miamba ya karibu inayobaki wazi maji yakipwa. Wanaume wenye ngalawa na miwani ya kuzamia hufika miamba ya mbali. Kikao kikiwa cha wanaume watupu, huwa rahisi kuchagua mwamba wa karibu ufungwe, kwani ni rahisi kuulinda na wenye vyombo haiwagusi. Basi gharama yote inaangukia kwa wale wenye kipato kidogo zaidi. Siku ya kufungua, wazamiaji wanafika wa kwanza na kuondoka na wale wakubwa.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, waulizeni viongozi wenu mambo haya: Ni nani wanaotumia mwamba huo leo? Je, upo mwamba mwingine wa kufikika kwa miguu utakaobaki wazi? Wachokoaji wa miguu watapewa nafasi yao siku ya kufungua, kwa mfano saa za mwanzo kabla ya wazamiaji, au upande wao wenyewe? Na ndani ya kamati wamo wanawake wangapi wenye kauli? Kama majibu hayapo, si dhambi kusema mwamba usifungwe kwanza. Huko Pate wanawake wavuvi wa pweza ndio waliokuwa mbele katika kazi hii, na hakuna sababu ya mahali pengine kushindwa.

Tena funga sehemu ndogo. Kijiji kinachofunga robo ya eneo lake na kuliheshimu kinapata zaidi ya kile kinachofunga lote kisha njaa ikawashinda watu mwezi wa pili.

Siku ya ufunguzi watu wanamiminika kutoka kila kijiji na pweza wanaisha siku mbili. Faida iko wapi?

Ikiwa hivyo, faida imekwenda kwa wageni, na mwakani hakuna atakayekubali kufunga. Vijiji vilivyofanikiwa huweka masharti mapema: nani anaruhusiwa, kwa ada gani, zana zipi, kwa siku ngapi, na uzito gani wa chini. Pweza wote hupitishwa kwenye mizani ya diko, mahali vyombo vinapotua, ili hesabu ijulikane na kila mtu. Pia huzungumza na mnunuzi kabla. Pweza wengi wakitua siku moja bila makubaliano ya bei, bei huporomoka na kazi ya miezi mitatu inamtajirisha mwenye barafu.

Wageni wa dago, kambi ya muda ya wavuvi wanaohama, je? Wao hawakukaa kwenye kikao chetu.

Wavuvi wa pwani hii wamehama na pepo za kaskazi na kusi tangu zamani. Wapemba wanavua Kenya, Mafia na Kilwa, na watu wanaoana na kuzikana huko huko. Kuwafanya wageni adui si haki. Dago lipokelewe kwa utaratibu: nahodha ajitambulishe kwa sheha au serikali ya kijiji na kwa kamati ya wavuvi, aonyeshe leseni na zana, aonyeshwe mipaka ya mwamba uliofungwa. Mgeni aliyeelezwa akavunja, achukuliwe hatua. Ambaye hakuelezwa, kosa ni la wenyeji.

Kamati ya uvuvi ina nguvu gani kisheria?

Inategemea uko wapi. Tanzania Bara kuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana zaidi kama BMU, chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009. Zanzibar ina sheria yake ya uvuvi ya 2010 na kamati za wavuvi za shehia. Kenya nayo ina BMU zake, na sheria ya uvuvi ya 2016. Kotekote, makubaliano ya mdomo pekee hayatoshi. Yaandikwe, yapitishwe kwenye mkutano wa kijiji na kufikishwa kwa afisa uvuvi ili yawe sheria ndogo. Bila hapo, faini mnayomtoza mtu anaweza kuipinga, na akashinda.

Kokoro limepigwa marufuku, lakini linatulisha. Kosa lake nini?

Kokoro ni wavu unaokokotwa chini. Hung'oa majani ya bahari, na majani hayo ndiyo malisho ya tasi na maficho ya watoto wa pono na changu. Macho yake madogo hayachagui. Utakuta ndoo nzima ya samaki wa urefu wa kidole, wanaouzwa kwa bei ya fungu. Wangeachwa wangekuwa wakubwa zaidi. Kigumi kina ubaya zaidi, kwa sababu watu hugonga matumbawe kwa miti ili samaki wakimbilie wavuni.

Lakini ni kweli kwamba kokoro huajiri watu wengi wasio na chombo, vijana na wazee pia. Kuchoma nyavu hadharani na kuondoka bila kuuliza familia hizo zitakula nini kesho kumezaa uhasama mwingi pwani, na nyavu zimerudi usiku. Anayetaka kokoro liishe aje na mshipi, madema, nyavu za macho makubwa na utaratibu wa mkopo unaolipika.

Baruti si imekwisha?

Imepungua sana Tanzania kuliko ilivyokuwa, hasa baada ya msako wa vyombo vya dola katikati ya miaka ya 2010. Kabla ya hapo ilipigwa kwa miongo, tangu miaka ya 1960, hadi milio ikazoeleka. Haijafaa kusahauliwa. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki. Wachache huelea na wengi huzama wakaoza. Matumbawe yaliyovunjika hubaki changarawe inayosukumwa huku na huku na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kisichotulia. Mwamba uliopigwa baruti wakati mtu akiwa mtoto anaweza kuukuta vilevile akiwa na wajukuu. Sheria ya 2003 inaweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa anayevua kwa baruti.

Mnawabana wenye ngalawa, na meli kubwa za kigeni je?

Lawama hii ina haki ndani yake. Meli za jodari katika eneo la kiuchumi la bahari, kutoka maili 12 hadi 200, hupewa leseni na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, inayohudumia pande zote mbili za Muungano. Mvuvi ana haki ya kuuliza: leseni ngapi zimetolewa, wamevua nini, na mapato yamekwenda wapi. Ila pweza na tasi wa mwambani kwenu hawachukuliwi na meli hizo. Madai ya bahari kuu yasitumiwe kuchelewesha kazi ya hapa ufukweni.

Mikoko inahusiana vipi na kitoweo changu?

Kamba na watoto wa samaki wengi hukulia kwenye mizizi yake, kaa huishi kwenye tope lake, nayo hushika udongo usiende kufunika matumbawe. Gazi, katika kaunti ya Kwale, wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013. Wanauza hewa ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na fedha zimekwenda kwenye maji ya bomba na shule.

Tahadhari moja kwa wanaopanda: si kila mti hukaa kila mahali. Mlilana hupenda upande wa bahari, mkandaa hukaa ndani zaidi, na mchu hustahimili chumvi kali. Nimeona picha nyingi za viongozi wakichomeka miche ya mkoko kwenye mchanga mtupu au juu ya majani ya bahari. Miche hiyo hufa, na majani yaliyokanyagwa nayo yameumia. Mahali pengi inatosha kuzuia ukataji wa boriti na kuni, kuuachia mkondo wa maji njia yake, na mikoko hujiotea yenyewe.

Kisima chetu kimeanza kuwa na chumvi. Bahari imeingia?

Mara nyingi ndiyo, na tumeivuta wenyewe. Visiwani na kando ya pwani, maji baridi ya mvua yaliyozama ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo kama mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo inatisha ukiigeuza: ukishusha maji kwa nusu mita kwa pampu, chumvi inaweza kupanda kama mita 20 kutoka chini.

Kwa hiyo kisima kimoja kirefu chenye pampu kubwa ni hatari kuliko visima vifupi kadhaa vinavyotekwa taratibu. Vuneni maji ya mvua kwenye mapaa ya shule na misikiti. Na pale hoteli na kijiji vinapoteka kwenye tabaka moja la maji, hoteli ipimwe kwa mita na wanakijiji waonyeshwe hesabu.

Kasa akinasa wavuni, nifanye nini?

Mtoe taratibu, kata uzi ukibidi. Kama hajitikisi, usidhani amekufa. Mlaze kwa tumbo, inua sehemu ya nyuma kidogo ili maji yatoke, mweke kivulini, mfunike kitambaa chenye maji na mpe saa kadhaa. Wengi huzinduka.

Wala usimle. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu isiyotoka kwa kuchemsha wala kukaanga. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula kasa. Watoto wanaonyonya wako hatarini pia, kwa kuwa sumu hupita kwenye maziwa.

Bahari yenyewe inapata joto na matumbawe yanageuka meupe. Kufunga mwamba kuna maana gani?

Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani hii yalikufa kwa joto, na 2016 na 2024 joto likarudi. Hakuna kijiji kinachoweza kuipoza bahari. Lakini baada ya tumbawe kufa, mwani hulifunika, na pono na kangaja ndio wanaoula na kulisafisha jiwe ili matumbawe machanga yapate pa kushika. Mwamba ambao samaki hao wamevuliwa wote huchelewa kupona, au hauponi kabisa. Hapo ndipo mkono wetu unapofika.

Sisi ni wa ziwani. Yanatuhusu?

Yanawahusu, kwa tofauti. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika hawakai tunduni kama pweza, wanatembea, na ziwa lina nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ukifunga upande mmoja, unamfugia jirani. Ndiyo maana Tanzania ilipolipumzisha ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ilifanya hivyo chini ya makubaliano ya nchi hizo. Ugumu kwa wenye karabai na wachuuzi wa Kigoma ulikuwa mkubwa, na swali lao ni lile lile la mama wa mwambani: katika miezi hiyo, tule nini? Serikali inayotangaza mapumziko iwe na jibu siku ya kutangaza.

Tukimkamata mvunjaji, akaachiwa kwa simu ya mkubwa, tufanye nini?

Andikeni. Tarehe, saa, chombo, zana, majina ya walioshuhudia, nani alipokea kielelezo. Kamati isomee mkutano wa kijiji daftari hilo, pamoja na hesabu ya faini: zilizoingia, mafuta ya doria yaliyonunuliwa, salio. Daftari linalosomwa hadharani limewalinda wanakamati wengi waadilifu, na limewaumbua wengine. Na msiwatume vijana doria usiku bila afisa au askari. Mwamba hauna thamani ya roho ya mtu.

Mimi ninanunua samaki mjini tu. Nifanye nini?

Angalia unachonunua. Pweza ambaye mzima mzima hafiki nusu kilo, mwache. Kamba kochi mwenye mayai chini ya mkia, mwache. Samaki wa baruti utamjua ukimpasua: damu imevia ndani, uti wa mgongo umeachana au mifupa ya mbavu imechomoza, tumbo limelegea ingawa macho bado yanang'aa. Mwambie muuzaji kwa heshima kwa nini humchukui, kisha nunua kwake kitu kingine alichonacho kizuri. Naye jioni atamwambia aliyemletea kwamba wale wadogo amerudi nao.